Tembe Zilizokataa Kufunguka

Tulipomzika Bwana Odera kule kwao karibu na ziwa, binti yake alikuja kuketi nami chini ya turubai, sahani ya samaki mkononi, akaniuliza kama ni mimi yule mama wa tembe za Kisii. Nikamwambia inategemea: anayeuliza amekuja kununua au kudai? Alicheka kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani. Ni msomi, anafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, na huku akichambua miiba alinieleza kazi yake kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza wazee. Wanatengeneza vitufe vya plastiki, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haivioni. Wanavijaza dawa, na pamoja na dawa wanatia rangi inayong'aa ikimulikwa na taa maalumu. Kisha wanafuatilia ule mng'ao ndani ya mwili waone vitufe vimefika wapi. "Kukitengeneza si shida, mama," alisema. "Kukijaza dawa si shida. Shida ni kujua kama kimefunguka mahali pake." Nilimwambia hilo nalijua. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama bibi anayedai kujua ndege inavyopaa, akaniongezea samaki. Sikumlaumu. Baba yake hakuwa mtu wa kusimulia habari za kazi mezani, na mimi habari hizi nilikuwa nimezifunga kwenye kitambaa miaka mingi. Lakini nilipokuwa njiani kurudi niliona kwamba waliokuwepo mwaka ule tumebaki wachache, na kwamba nikifa nami, rafiki yangu Nyanchama atakuwa mtu aliyekufa kwa malaria tu, kama wengine. Hakufa hivyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka ambao mvua ya masika ilikataa kwisha. Mimi nilikuwa msichana wa kaunta katika duka la dawa mjini Kisii, chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, kati ya fundi cherehani na muuza misumari. Harufu yake naikumbuka kuliko sura yangu ya wakati ule: salfa, spiriti, karafuu, na chai ya Mama Rebeka iliyochemka mpaka ikawa rangi ya kiatu. Mama Rebeka ndiye aliyekuwa na duka, mjane mshika Sabato. Ijumaa jua likianza kushuka alifunga hata kama mteja amesimama na noti mkononi, akimwambia, "Ugonjwa utakungoja, Bwana hangoji." Siku zilizobaki hakuna aliyempata kwa bei. Aliniajiri kwa sababu ya kipawa changu kimoja, nacho ni kutomwamini mtu. Tembe zilizohesabiwa kiwandani nilizihesabu, halafu nikazihesabu tena kuanzia upande wa pili, na mwenye mzigo akinuna nilimwambia kununa ni bure, anune tu. Malaria zamani ilikuwa ugonjwa wa watu wa mabondeni na ziwani. Sisi wa milimani tuliisikia kama habari za ng'ambo. Mwaka ule ilipanda. Watu wazima, wenye nguvu za kubeba magunia, waliingia dukani wakitetemeka jua la mchana, na kwa kuwa miili yetu haikuwa imeuzoea ugonjwa ule, haikujua hata namna ya kupigana nao.

Kwinini ikawa mali kuliko sukari. Na kitu kikishakuwa mali, wanazaliwa wa kukighushi. Wakaja wanaume na mifuko begani kutoka kila upande, na tembe za chokaa, tembe za unga wa muhogo uliochovywa mwarobaini ili uwe mchungu. Uchungu peke yake haukuwa ushahidi tena. Hapo ndipo Bwana Odera alipotufaa. Alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, mtu wa ziwani, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hata siku ya matope. Yeye hakujua Ekegusii, lugha yetu, mimi sikujua lugha yao, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake cha vitabuni na changu cha sokoni. Siku moja alikuja kununua wembe akamkuta Mama Rebeka akilamba tembe na kutema. Akaomba glasi, maji, limau na mwavuli mweusi. Alivunja tembe kwa jiwe la mizani, akatia chembe ya unga wake kwenye maji yenye limau, akatutoa nje juani, akaikinga glasi kwa ule mwavuli ili nyuma yake pawe giza. Maji yaliyokuwa meupe yakatoa mng'ao wa buluu juu, pale jua lilipoyagusa, mwepesi kama moshi wa jikoni asubuhi. "Kwinini huchukua mwanga wa jua usioonekana," alisema, "ikaurudisha kwa rangi unayoiona. Chokaa hairudishi kitu. Chokaa ni kama mdeni." Mama Rebeka aliitazama ile glasi muda mrefu, akasema, "Imeitika." Na tangu siku ile hilo likawa neno letu. Dawa ya kweli ilikuwa ile iliyoitika.

Naona bado wale wachuuzi wakisimama kwenye baraza huku mimi nikikamua limau. Mmoja, mwenye kofia iliyochomwa na sigara, aliniambia, "Wee msichana, unainusa mali yangu kama polisi." Nikamwambia polisi angekuwa ameshakula nusu. Tulivunja, tukakoroga, tukafungua mwavuli, watu wa barabarani wakasimama kutazama. Ikiitika tulianza kupatana bei. Isipoitika, mwenye mfuko alikuwa ameshafika kona ya muuza misumari. Hivyo ndivyo tulivyonunua mikebe ile ya tembe zenye ganda la rangi ya waridi, zinazong'aa kama shanga. Haikuwa magendo. Ilikuwa na karatasi zake, imetoka ghala halali huko ilikokaa sijui miaka mingapi, na maduka mengi ya Kisii na Nyamira yalinunua mikebe hiyohiyo. Tulivunja tembe kutoka mkebe wa kwanza, wa kati na wa mwisho. Zote ziliitika, na kwa nguvu ambayo hatujawahi kuiona. Sina toba ya kuandika hapa. Dawa ilikuwa dawa.

Nyanchama alikuwa ameishi nami chumba kimoja karibu na soko la Daraja Mbili kabla hajaolewa. Kitanda kimoja, jiko moja la makaa, na kioo kimoja kilichopasuka ambacho kila mmoja alidai upande wake ndio unaomfanya mzuri. Aliuza vitenge. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, akaniambia mtu akinioa ataifahamu chinsaga kabla hajanifahamu mimi. Usiku alikoroma, mchana alikana. Aliolewa mwanzoni mwa mwaka ule na kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, na kama ilivyo ada akaenda kukaa kwa wakwe zake, mlimani upande wa Nyamira, mume akija mwisho wa mwezi. Mvua zilipokuwa zimekolea dereva wa lori la chai alisimama dukani akasema, "Kuna mke wa mtu huko juu anakuita. Anasema mwambie Kwamboka aje na dawa yake ya mwavuli." Alikuwa mjamzito, mimba ya miezi mitano. Mama Rebeka alinipa tembe za waridi, akanipa na ruhusa, na kutoka kwake kitu cha pili ndicho kilichokuwa ghali.

Nilimkuta katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, mabati mapya juu, picha ya harusi ukutani ikiwa bado na nailoni yake. Alilala kitandani chini ya mablanketi mawili na koti la mumewe, macho yamekuwa ya njano kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. "Umechelewa," aliniambia. "Nilikuwa nimekusudia kufa asubuhi, nikasema ngoja kwanza nione amenunua viatu gani." Walikuwa wameshampeleka zahanati. Muuguzi pale alikuwa na sindano chache na foleni iliyozunguka jengo, akaweka sharti ambalo hata leo sioni kosa lake: sindano ni za wasioweza kumeza, wanaoweza kumeza, wameze. Nyanchama aliweza. Basi nilimpa za kwanza kwa mkono wangu, akazimeza na uji, na sote tukapumua kama watu waliokwisha kuvuka mto. Baba mkwe wake, Mzee Ombati, ambaye nami nilimwita Tata kama tulivyowaita baba wote wa rika lile, alikuwa amekaa nje, mgongo kwetu, akichonga mpini ambao haukuhitaji kuchongwa. Mama mkwe aliingia na kutoka kimya, beseni mkononi limefunikwa kwa jani la mgomba. Nilirudi Kisii na lori, nikamwambia Mama Rebeka amepata dawa, atapona.

Niliporudi baada ya siku chache alikuwa amebaki mifupa na mzaha. Homa ilikuwa inapanda palepale ilipozoea kupanda, mchana, ikimtetemesha mpaka kitanda kikagonga ukuta. Tembe nilizoacha zilikuwa zimepungua sawasawa, nilizihesabu, nikarudia. Nilikuwa chumba cha pili nikichuja uji niliposikia Mzee Ombati akimwambia mkewe nje ya dirisha, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Anaziweka chini ya ulimi. Ukitoka anazitema. Wanawake wa mjini hawapendi kitu kichungu." Nikasikia beseni likiwekwa chini. "Basi mwambie yule rafiki yake amkague. Mimi siwezi kumwambia mke wa mwanangu afungue kinywa." Mkewe akasema tu, "Anameza." "Umejuaje?" Kimya. Nikasikia maji yakimwagwa nyuma ya migomba. Kimya kile nilikisikia vizuri kwa masikio haya, nikakipita kama mtu anavyopita noti iliyokunjwa akidhani ni karatasi.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Kuna kitu tunakiita chinsoni, haya inayokaa kati ya mzazi na mwana, na kati ya mkwe na mkwe. Si aibu ya kosa. Ni ukuta wa heshima. Mambo ya mwili, ya kitandani na ya chooni, hayavuki ukuta ule. Baba hamtajii mwanawe, mama hamtajii mumewe habari za mwili wa mke wa mwana wao, na mtu wa rika la mama hamwambii msichana wa rika langu. Lakini ukuta huo una mlango. Bibi na mjukuu hawana chinsoni. Bibi anaweza kumwambia mjukuu lolote, na wengi wao hungoja uzee kwa ajili ya raha hiyo peke yake. Mle ndani alikuwamo mama yake Mzee Ombati, tuliyemwita Magokoro, yaani bibi, mwanamke mdogo kama kuku aliyekaa karibu na moto na kuniita mke mwenzake tangu siku ya kwanza.

Nilikwenda kitandani nikamwambia Nyanchama afungue kinywa. Akafungua. Nikatazama chini ya ulimi, nikapitisha kidole kwenye mashavu. "Unanikagua kama ng'ombe wa mnada," alisema. "Meno ni yote, mwambie mnunuzi." Nikamwambia anyamaze, ameze. Akameza mbele yangu, akafungua tena. Hakuna kitu. Nikakaa chini sakafuni, na ndipo nilipoishiwa. Tembe ni za kweli, mgonjwa anameza, na homa haisikii. Nilijua kubishana na mchuuzi, na askari wa manispaa, na mwenye nyumba. Sikujua kubishana na kitu ambacho kila upande kinatoa jibu sahihi. Magokoro akaniita jikoni nimsaidie kumenya ndizi. Alimenya yake, akaguna, akasema kama mtu anayeendeleza mazungumzo: "Hizo shanga zako, mke mwenza, ni mali ya kudumu. Zinaingia za waridi, zinatoka za waridi. Ukiziosha unaweza kuuza tena." Nikamuuliza anasema nini. "Nasema ninachokiona. Mke wa mwanangu anakwenda kumwaga beseni kila siku analia. Nikaenda kutazama analilia nini. Zimekaa pale kama mayai ya mjusi." Nikamuuliza kwa nini hajasema. "Niseme kwa nani? Mwanangu? Nimtajie mwanangu choo cha mke wa mwanawe? Wewe ndio umekuja sasa. Na mimi nilidhani ndivyo dawa za wazungu zilivyo, zinatisha ugonjwa halafu zinatoka."

Nilikwenda nyuma ya migomba. Sitaandika nilivyozitafuta. Nilizipata, nikaziosha kwenye mfereji wa mvua, nikazifunga kwenye jani. Zilikuwa nzima, zimefifia kidogo tu, kama kitambaa kilichofuliwa mara moja. Magokoro alimshughulikia Nyanchama, nikapewa chupa ya soda yenye mkojo, imezibwa kwa gunzi. Nilipita mbele ya Mzee Ombati nikiwa nimeificha ndani ya shuka, naye aliyatoa macho yake kwenye ile shuka akayapeleka kilimani, kwa kuwa mzee mwenye heshima hujua pa kutotazama. Nilishuka hadi barabarani kwa matope ya magoti, nikapata lori la maziwa, nikafika Kisii mchana nikinuka kila kitu.

Chumba cha Bwana Odera kilikuwa na dirisha moja, meza ya mawe, na kwenye kona kabati lenye pazia jeusi ambamo aliweka taa yake ya zambarau yenye kioo cheusi. Hospitali ilimpa kwa ajili ya kuangalia mapunye kwenye vichwa vya watoto wa shule. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akaniuliza swali moja: "Masikio yanamvuma?" Nikasema hapana, hajalalamika masikio. Akakunja uso. "Mtu aliyeshiba kwinini masikio humvuma. Ni kama risiti." Hakumwaga tu ule mkojo chini ya taa, maana, alisema, mkojo una chumvi, na chumvi huzima mng'ao wa kwinini, tena una mng'ao wake mwenyewe unaoweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Aliutia magadi, akautikisa na etha ili dawa, kama ipo, itoke kwenye mkojo ihamie kwenye etha. Akaitenga ile etha, akaitikisa tena na tindikali kidogo kwenye neli safi. Kisha tukaingiza vichwa vyetu nyuma ya pazia, mimi na yeye, tukanuka jasho na etha, akawasha. Pembeni aliweka neli ya maji yenye chembe ya kwinini kwa kulinganisha. Ile iliwaka kama jicho la paka. Ya Nyanchama ilikuwa giza. Akaisogeza. Giza. Nilimwambia arudie. Hakukasirika, alirudia tangu mwanzo, na mimi nikatazama mikono yake kama nilivyotazama mikono ya wachuuzi. Giza.

Akachukua tembe moja kati ya nilizoziosha, nzima, akaidumbukiza kwenye tindikali, na nyingine kwenye maji ya magadi, mfano wa tumbo na mfano wa utumbo. Tulikaa. Alinipa chai na mkate, nikala bila kujua. Baada ya muda mrefu tukamulika: giza na giza, na tembe zimekaa chini zikitutazama. Ndipo akachukua ya tatu, akaiponda kwa kitako cha chupa, akatia unga wake. Buluu ikajaa neli nzima, ikamulika vidole vyake. "Dawa ipo yote," alisema. "Haijatoka." Akalikwaruza lile ganda kwa ukucha. Lilikuwa la utomvu, jamii ya vanishi ya maseremala, alilowekewa mgonjwa ili dawa isimchafue tumbo, lipite tumboni likiwa zima halafu liyeyuke utumboni. Lakini utomvu ule ukikaa ghalani miaka kwenye joto unakomaa. Chembe zake zinashikana mikono na haziachani tena. "Limekuwa kama rangi ya mlango," alisema. "Nani alizipima hizi?" Nikasema sisi, tulipima mikebe yote. "Mlizipimaje?" Nikafungua kinywa nimjibu, na jibu likanifikia kabla sijalisema. Tulizivunja. Kila tembe tuliyoiuliza tuliivunja kwanza, ndipo ikaitika. Na tumbo la mtu halina jiwe la mizani.

Wakati binti yake alipokuwa akinieleza vitufe vyake vya plastiki, hapo ndipo nilipokuwa, nyuma ya pazia lile. Wao wanajua kuuliza kabla hawajampa mtu. Nimefurahi. Nimefurahi kwa namna ya mtu anayeona daraja linajengwa mahali ambapo amekwisha kupita kwa miguu, na aliyekuwa naye hakuvuka.

Nilirudi mlimani kesho yake asubuhi na kinu kidogo cha Mama Rebeka cha shaba, kile ambacho hakuwahi kumwazima mtu. Nilizitwanga tembe pale jikoni, Magokoro akishikilia kinu kwa miguu yake, tukaupepeta ule unga kuondoa vipande vya ganda, nikampa Nyanchama ndani ya ndizi mbivu iliyopondwa. Uchungu ulimtoa machozi. "Hii ndiyo uliyokuwa ukiuza?" aliniuliza. "Na watu wanarudi?" Nilikaa naye. Nilimpa tena kwa saa alizoniagiza Bwana Odera. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, aligeuza kichwa kwenye mto akasema, "Kwamboka, zima kile kinu cha unga." Nikamwambia hakuna kinu. "Kinasaga. Kinasagia masikioni mwangu." Nililia mbele yake, kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata siku yake ya harusi, na yeye akanitazama kwa mashaka, akauliza kama kinu kikisaga kwa watu wa duka la dawa ni msiba. Hata Mzee Ombati aliingia mlangoni, hatua moja tu, akasimama hapo. Magokoro alinipa chupa nyingine bila kuombwa. "Nenda ukamwonyeshe Mjaluo wako."

Nilishuka, nikapata lori, nikafika. Tulirudi nyuma ya pazia. Bwana Odera alitikisa, akatenga, akawasha. Iling'aa. Buluu safi, kamili, kama ile ya neli ya kulinganisha, na mpimaji yule ambaye sikumwona akitabasamu kazini alicheka kutoka puani. "Imefika," alisema. "Imo ndani ya damu yake." Nilimwomba aniachie niishike ile neli. Niliishika. Nikafikiri hata namna nitakavyomweleza Nyanchama: kwamba nimemwona akiwaka.

Nilipofika juu, jioni ikiwa haijaingia bado, mabati yale mapya yalikuwa na watu chini yake. Homa ilikuwa imempeleka mbali mno kabla dawa haijapewa nafasi. Mimba ilitoka mchana, damu ikafuata, na mwili haukuwa na kitu cha kulipia. Mama mkwe alikuwa amemshika. Mpaka leo watu huniambia, kwa kunifariji, kwamba angalau dawa ilifika. Ndiyo, ilifika. Mgeni aliyefika wakati mwenye nyumba anatolewa kwa mlango wa nyuma, naye amefika.

Tulimzika kando ya nyumba, mvua ikiwa imepumzika. Mume alikuwa amefika kutoka Kericho na viatu vya kazini, amekaa hatazami mtu. Walikuja watu wa mlima mzima na wa mlima wa pili, wazee kwenye viti, wanawake kwenye majani ya migomba, na niliposimama nyuma nilianza, kwa mazoea yangu, kuhesabu. Huyu alinunua kwetu. Yule alinunua katika duka la Marani, mkebe uleule. Yule ana watoto wawili wanaotetemeka, nilimuuzia mwenyewe. Mhubiri alimaliza, akauliza kama kuna rafiki wa marehemu mwenye neno fupi. Nilitoka mbele. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya kitenge na kioo kilichopasuka. Sikuyasema. Niliwauliza, mbele ya baba zangu na mama zangu, mbele ya Mzee Ombati, kwa Ekegusii ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa: wale ambao wana wagonjwa wanaomeza tembe za waridi, mnaona nini mkienda kumwaga beseni?

Wanaume walitazama fimbo zao. Mhubiri alinigusa mkono. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Msichana huyu amechanganyikiwa kwa msiba, mwondoeni." Nilisema sitaondoka, nikarudia swali. Mtu akasema kwamba hakuna aliyewahi kutukana matangani nyumbani kwa Mzee Ombati. Ndipo mama mkwe aliposimama, yule aliyekuwa hasemi, akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mumewe, akasema, "Nilikuwa naziona nzima. Kila siku. Nilizifunika kwa jani." Mzee Ombati hakumtazama. Aliinamisha kichwa, lakini hakumwambia akae.

Niliwaambia wazitwange. Niliwaambia waondoe ganda, wawape unga, uchungu wake wasiuogope. Macho yalirudi kwenye fimbo. Nikadhani nimewapoteza. Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa mstari wa nyuma, aliyenunua kwetu wiki ile, alivua kofia, akaivaa tena. "Nilidhani ni nyumbani kwangu tu," alisema, bila kumwambia mtu. "Mwanangu amemeza leo asubuhi." Aliomba radhi kwa wenye msiba, akapita katikati ya watu polepole, kwa kuwa mtu mzima hakimbii matangani. Tulimwona akifika kwenye ua wa miti, akiinama kupita. Halafu tukasikia miguu yake ikikimbia kuteremka mlima, na wanawake wawili wakanyanyuka kwenye majani wakamfuata.